Maisha ya Marehemu Émérance Safi, aliyetuletea Alhamisi

Baba Padri, wakubwa wa kijiji, ndugu Wakristo na ndugu Waislamu muliotembea tangu jana, na nyinyi wanawake wa tanuru, familia imenipa mimi Dominique, mudogo wake, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa nilisoma kidogo tu, mutanivumilia pale nitakapokwama, na Mungu anivumilie pale hasira itakaponishinda.

Marehemu Émérance Safi alizaliwa hapa Kamulila, teritware ya Kabambare, mwaka 1909, siku haijulikani, maana wakati ule hakuna aliyejisumbua kuandika siku ya mutoto wa mulimaji, lakini mama yetu alisema ulikuwa wakati wa kuvuna mupunga, na baba yetu Asani alikuwa njiani na muzigo wa Bulamatari, serikali ya wazungu, kichwani. Alibatizwa Kasongo tarehe 25 Desemba 1921, akakaa huko kwa mamasere, masista wa misioni, mpaka 1924, akajifunza katekisimu, kushona na kusoma, kuandika hakufundishwa, wakasema musichana atamuandikia nani.

Tarehe 14 Aprili 1928, Jumamosi, kanisani Kasongo, alifunga ndoa na Musafiri, fundi wa matofali, mutu mupole ambaye ndugu zake ni Waislamu mpaka leo, na shemeji yetu Yakubu, aliyesimama pale kwa kofia nyeupe, ni shahidi kwamba nyumba ile haikugombania dini hata siku moja, iligombania chumvi tu. Mungu aliwapa watoto watano, wawili walirudi kwake wakiwa wachanga, wakabaki Clémentine, Antoine na Victorine. Musafiri alifariki kwa kifua tarehe 3 Novemba 1947, na marehemu akashika kazi ya mume wake, akakanyaga udongo kwa miguu yake, akachoma matofali, akafundisha wanawake wengine, mpaka tanuru la Kamulila likajulikana hata Salamabila kwenye zahabu. Hatutamufanya mutakatifu mbele ya jeneza lake: alikuwa na ulimi, alikosa misa wakati tanuru linawaka, na mutu akileta udongo wenye mawe alimutukana mpaka babu zake, kisha anamuita kula.

Mwaka 1950 kampuni ya zahabu ilitaka kujenga dispansere katika kambi yake, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, nyumba ya dawa yenye vitanda vya kuzalia, na chefu akaamrisha vijiji vyote vitoe matofali. Kapita, musimamizi wa kazi, alitaka kila kijiji kitie alama yake kwenye udongo mubichi, ili tofali likipasuka ajue wa kumupiga, na sisi wa Kamulila tulitia vidole vitatu. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lile lilikuwa letu wote. Kwetu hapa, mutu akijenga, majirani wanakuja kukandika, na aliyetupa udongo wake kwenye ukuta wa mwenzake hawezi kufukuzwa katika nyumba ile, mvua ikimukuta ataingia, ugonjwa ukimukuta atalala. Basi tuliposikia nyumba ya dawa, hatukuuliza, tulibeba matofali kichwani tukiimba, wanawake wenye mimba wakabeba, kila mumoja akijua anajenga mahali pake pa kuzalia. Dispansere ilifunguliwa tarehe 6 Agosti 1951, ikapakwa chokaa nyeupe, na mulinzi akawekwa mulangoni kutuambia kwamba ni ya wafanyakazi wa kampuni na wake zao, wanakijiji waende Kasongo.

Kasongo! Mutu mwenye uchungu wa kuzaa, na muto katikati, na kivuko kinachongojea muzungu.

Jumamosi tarehe 17 Mei 1952, Clémentine alishikwa na uchungu, mutoto akakaa vibaya, na marehemu pamoja na jirani Apolline walimupeleka kwenye mulango ule. Mulinzi Amuri akakataa. Marehemu akatoa kisu cha kukatia udongo, akakwangua chokaa pembeni ya mulango mpaka vidole vitatu vikaonekana, akasema, "Soma hapa, mwanangu, hii ni mukono wangu, mimi niko ndani ya nyumba hii mbele yako." Amuri akajibu, "Mama, hii ni tofali tu. Muzungu amenunua na mukono wako ndani yake." Clémentine alifia barazani pamoja na mutoto wake, vitanda vinne viko ndani, na Apolline aliviona kwa dirisha, vitupu vyote vinne, mashuka yamekunjwa. Mama aliyezika asubuhi alifungwa jioni, wakamupeleka boloko ya Kabambare kwa kosa la kuharibu ukuta wa kampuni.

Alipotoka hakulia, alizima tanuru. Kampuni ilihitaji matofali ya nyumba mupya za wazungu wake, na wanawake wa Kamulila wakasema udongo umekwisha, wakaja wa vijiji vingine nao wakasema udongo umekwisha, huku wamekaa juu yake wanasuka mikeka. Kapita akatisha, chefu akabembeleza, sisi wanaume tukaogopa na kumuambia anyamaze, naye akatuuliza ni nani kati yetu amewahi kuzaa. Mwisho kampuni ilikubali, na kuanzia Alhamisi tarehe 4 Machi 1954, mulango ulifunguliwa kwa wanakijiji, siku moja kwa juma, Alhamisi peke yake. Tulipiga vigelegele, Mungu atusamehe, tulicheza ngoma kwa ajili ya siku moja kati ya saba, na watoto wakamupa jina la Mama Alhamisi. Yeye hakucheza. Alisema, "Munashangilia nini, mimba zenu zinajua kalenda?"

Na tulijifunza haraka kwamba hazijui. Waliozaa Alhamisi wako hapa na watoto wao mugongoni, na wengine munajua makaburi yao, hatuna haja ya kuwataja. Lakini Jumapili moja ya Julai mwaka huu, muke wa muzungu wa zahabu alishikwa na uchungu, na kamyo ya kampuni ilikimbia usiku ule ule kumuchukua munganga mukubwa, daktari wa Kasongo, kivuko kikamungojea yeye, mutoto akazaliwa muzima, na sisi tunamushukuru Mungu kwa mutoto yule kwa moyo wote, maana hana kosa. Tunauliza tu kama Mungu aliyemuumba yule kwa siku ya Jumapili ni mwingine.

Ugonjwa wa marehemu ulianza tarehe 7 Septemba, kichomi na homa kali, na Jumatatu tarehe 10 Yakubu na vijana walimubeba kwa kipoyi cha mianzi, Victorine akitembea pembeni na mimba yake ya miezi minane. Amuri akasimama tena mulangoni, akasema, "Mama Alhamisi, leo Jumatatu. Sheria ni yako, wewe ndiye uliyeileta." Na dada yetu, aliyekuwa akipumua kama mutu anayepanda mulima, akamujibu, "Kweli mwanangu, basi kiambie kichomi kirudi Alhamisi." Wanawake walicheka, hata Amuri alitaka kucheka. Enfirmye Pacifique, muuguzi wa dispansere, aliomba ruhusa ya kumupiga sindano, dawa ilikuwa kabatini, muzungu wa kampuni akamuambia akifungulia mumoja atafungulia wote. Ndiyo, bwana, ndicho alichokuwa anataka, wote. Alifariki barazani, mahali pale pale pa binti yake, Jumanne tarehe 11 Septemba 1956, saa tisa ya muchana, akiwa amepokea mafuta matakatifu. Leo ni Jumatano. Kesho wataufungua mulango.

Familia inashukuru Baba Padri aliyefika mbio kwa kinga, baiskeli yake, Yakubu na wabebaji, majirani waliochota maji na kuchimba, wanawake wa tanuru ambao ndio waliokuwa wenzake wa kazi, na Pacifique, ambaye alimupa maji kwa mukono wake na leo asubuhi tumesikia amefukuzwa. Desturi inataka tumushukuru na munganga. Tungemushukuru kama tungemuona.

Sasa neno la familia, na Baba Padri atanikemea baadaye kama ni zambi. Matanga hayatakaliwa kwenye nyumba ya marehemu. Kutoka hapa kaburini tunachukua mikeka, sufuria na moto, tunaenda kulala matanga mbele ya mulango wa dispansere, wake kwa waume, Wakristo na Waislamu, bila fimbo, bila matusi, tutasali rozari na Yakubu atasoma dua yake, na hatutaanua matanga mpaka Victorine azae ndani, siku yoyote ambayo mutoto atataka. Asiyeweza kutembea abebwe.

Dada Émérance, wewe pumzika kwa amani, umechoka. Sisi tumekwisha kukunja mikeka.