Kimotho wa Poshomili na Unga wa Manjano

Tuliyemleta hapa leo ni Josphat Kimotho Kinuthia, mtoto wa kwanza wa marehemu Zacheus Kinuthia na mimi mama yake, Nyaguthii. Alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1984 hapa Chepseon, mwaka ule mvua ilikataa na nchi nzima ikala mahindi ya manjano. Poshomili ya baba yake ilisaga hayo mahindi mchana kutwa, na mtoto alilala kwa kelele yake.

Alisoma shule ya msingi hapa sokoni, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1998, akamaliza kidato cha nne Kipkelion mwaka wa 2002. Hesabu zilimpenda. Kiingereza na yeye walivumiliana tu.

Akiwa darasa la tatu, belti ya mashine ilitoka baba yake akiwa nje. Injini ilinguruma kuliko siku zote, ikala dizeli, ikapata moto mpaka maji yakachemka, na unga haukutoka hata kijiko. Kimotho alikimbia akishangilia, "Baba, leo mashine iko na nguvu!" Mzee alifunga dizeli kwanza, ndipo akamjibu, "Hiyo si nguvu, ni joto tu. Nguvu ni ile inafika kwa kinu." Tulicheka naye kwa hiyo miaka mingi.

Alianza kazi na baba yake mwaka wa 2003. Mwanzo wa 2008, kwa zile vurugu za uchaguzi, mashine iliungua pamoja na nyumba, tukaondoka. Jirani yetu Kiptum ndiye alimpigia simu: "Rudi bwana, watoto wangu wanakula githeri, mahindi mazima na maharagwe, kila siku kwa sababu haupo kusaga." Akarudi, akajenga upya palepale.

Tarehe 3 Desemba 2011 alifunga ndoa na Rodah Chepkemoi wa Boito. Walijuana kwa foleni ya kusaga, Rodah akiwa amemtembelea shangazi yake. Mama mmoja alipiga kelele, "Kimotho, hiyo debe ya mgeni imeruka foleni na miguu ya nani?" Akajibu, "Na yangu." Mungu aliwapa Kinuthia na Cate Nyaguthii.

Sasa nasema kuhusu ugonjwa. Vijana waliotengeneza hii ratiba walikuwa wameandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Nimewaambia wafute. Soko limeshasema Kimotho alitaka kukonda ili wasichana wamtazame. Soko likae kimya kidogo, mama yake aseme.

Dada yake Tabby, mtoto wangu wa pili, figo zake zilisimama mwaka wa 2023, na tangu wakati huo anaenda Bomet kila wiki kusafishwa damu. Kimotho alitaka kumpa figo yake moja, akapimwa, damu ikalingana. Lakini daktari alimwambia mwili ni mzito mno kupasuliwa, apunguze uzito polepole, kisha arudi. Hiyo polepole ndiyo ilimshinda, kwa sababu alikuwa anamwona Tabby akiisha.

Akaagiza unga wa manjano kwa simu. Unaitwa DNP. Rodah alisoma karatasi ya pakiti akamwambia, "Baba Kinuthia, hapa wanasema ni ya utafiti wa maabara, si ya kuliwa na mtu." Akampigia muuzaji, naye akacheka: "Hiyo huandikwa tu ili mzigo upite kastamu." Na kweli alikonda. Suruali zilimwanguka. Asubuhi za baridi na ukungu alikaa nje na vesti, akitoka jasho, na vesti zote zikawa na madoa ya manjano. Rodah akimuuliza, alisema, "Ni figo ya Tabby inajitengenezea njia."

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 alishikwa na joto. Tulidhani ni malaria. Nilimfunika kitambaa cha maji, kikakauka mkononi mwangu. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Aliniambia, "Mami, belti imetoka."

Hospitalini walimpima malaria, hakuna. Dawa ya homa haikushusha kitu. Walimwekea barafu na maji ya mshipa. Daktari, msichana mpole, alituambia huo unga unafanya mwili uchome chakula na mafuta, lakini nguvu haiingii mwilini, yote inatoka kama joto, na hakuna dawa ya kuugeuza. Rodah alilia. Mimi hayo nilikuwa nimeshaambiwa na mwanangu. Alituacha Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Aliye na huo unga nyumbani asiumeze, aupeleke hospitalini. Sitamuuliza aliupata wapi.

Tangu Jumapili, Tabby amekataa kwenda Bomet. Anasema figo zake zimemuua kaka yake. Tabby, nimechoka, sina sauti ya kubishana na wewe. Ni unga uliomuua, na mdomo wa aliyeuuza. Gari la Kiptum liko hapo kwa lango na limejazwa mafuta. Ukishatupa udongo wako, panda. Chakula tutakuwekea.

Kimotho ameacha mama yake Nyaguthii, mke wake Rodah, watoto wake Kinuthia na Cate, na dada yake Tabby. Jina la Tabby nimeliandika na mkono wangu kati ya walio hai. Lisitoke hapo.

Kimotho, mwanangu, joto limeisha. Lala kwa amani ya Mungu.