Alama Tisini na Moja za Tumbo la Marlys

Marehemu Marlys Haugen alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, hapa hapa Fergus Falls, Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Orville na Inga Tollefson, akasoma hapa, akahitimu sekondari Juni 1976, na Septemba mwaka huohuo akaajiriwa jikoni mwa shule, alikowapikia wengi wenu mlioketi humu kwa miaka arobaini na miwili.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Dale Haugen, wakajaliwa binti mmoja, Kristin.

Februari 2023 aliona damu chooni. Daktari wetu ni Paul, mwimba besi wa kwaya hii, na Marlys, aliyeimba safu ya mbele yake kila Jumapili, aliona heri afe kuliko kumweleza habari za choo chake, hivyo akaagiza kichupa cha kupimia kwa posta, akachota kinyesi chake, akakituma kwa kampuni ya watu asiowajua. Ukweli usemwe, elimu ya bakteria wa tumboni si uongo, huenda siku moja ikaponya wengi, lakini kipimo kile kiliangalia bakteria tu, hakikutafuta damu wala uvimbe, na maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho wa majibu yalikiri hivyo, ilhali ukurasa wa kwanza ulimpa tumbo lake alama sitini na nne kwa mia, ukamkataza maziwa na mkate, ukamsifia unga wa kukoroga wanaouuza wao wenyewe. Inachefua. Mdogo wake Verna, anayewasomea haya, alipomwambia, "Dada, hebu mwone Paul," alijibiwa, "We Verna, Jumapili nitamtazamaje usoni? Halafu kila nikipima tena alama zinapanda, bwana!" Verna akanyamaza, maana kwetu kunyamaza ndiyo adabu, na adabu hiyo nayo inachefua.

Alama zilikuwa themanini na nane alipoanguka jikoni kwake, tarehe 3 Oktoba 2024. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini, na tarehe 21 Januari 2025, saa nne asubuhi, alifariki, Dale akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na wapishi wenzake waliojaza vyakula meza za ukumbi wa chini ya kanisa. Kampuni ile haishukuriwi, kwani juzi imejibu kichupa chake cha mwisho, ikaandika, "Hongera, Marlys! Umefikisha tisini na moja." Paul alipoonyeshwa barua hiyo alilia. Basi, kama kuna mwenye damu chooni humu ndani, amfuate Paul leo, kabla ya kahawa ya huko chini, na aibu aiache kanisani.

Dada, ulituzidi sote kwa adabu. Pumzika kwa amani.