Nani Atamsemea Msabah Ujerumani?

Baraza yetu ya Mlandege haina mamlaka yoyote ya kisheria, lakini kila alasiri husikiliza mashauri mengi kuliko mahakama, na haijapata kuahirisha hata moja kwa kukosa ushahidi. Siku hiyo, mwaka wa 1969, shauri lilikuwa la Msabah, fundi mitambo mwenye ndevu zake, aliyepata nafasi ya masomo Ujerumani ya Mashariki na aliyetarajiwa kuondoka Jumamosi. Karatasi za safari zilikuwa tayari na chanjo ya ndui imeshamvimbisha mkono. Kilichomkosesha raha ni yale maradhi yake, ambayo humwangusha kila kipupwe, hadi mama yake, Bi Mize, amkimbize hospitali.

— Nikishikwa kule peke yangu, akatuuliza, si ntakufa?

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Mcha Bombei, aliyekwenda Bombei mara moja kutolewa mtoto wa jicho, na tangu hapo akajifanya bingwa wa tiba za ng'ambo. Alidai kwamba daktari wa kule hamgusi mgonjwa kwa mkono. Humlaza ndani ya mashine ya umeme, na pale penye ugonjwa kengele hulia. Nilimwuliza kama kengele hiyo ililia kwenye jicho lake. Akajibu kwamba siku ile umeme ulikatika.

Borafya, mwuza vitambaa tunayemwita Kamusi kwa kuwa hajapata kukosa jibu, aliikataa mashine nzima.

— Huhitaji daktari, Msabah. Baridi ya kule itayagandisha hayo maradhi kama samli. Weye usiote moto tu mpaka umalize masomo.

— Miaka yote hiyo nisiote moto?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Sikuona uhusiano wa methali hiyo na shauri lililokuwa mbele yetu, lakini kabla sijaweka pingamizi, Mcha alishadakia.

— Usimsikilize huyu. Wale Wajerumani wanatafuta damu ya moto. Ukilazwa tu, watakuchota kidogo kidogo, wawatie vikongwe wao wapate joto. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msabah akaushusha mkono wa shati, akaifunika chanjo yake.

Pembeni alikuwa ameketi mgeni, Usi wa Makunduchi, aliyekuja mjini kununua misumari na akavutwa na harufu ya kahawa. Alikuwa amesikiliza yote kwa adabu.

— Samahanini, jamaa, akasema. Huyu bwana anaumwa nini?

Mcha akasema pumu. Borafya akasema mshipa, na kwamba Mlandege nzima inajua. Mimi nilikuwa nimesikia kuwa ni moyo, ila habari ya kusikia si ushahidi. Tukamgeukia mwenyewe.

— Mama ndiye ajuaye, akasema Msabah.

— Lakini hospitali si unakwenda?

— N'nakwenda. Mie hukaa, Mama husema.

Hapakuwa na wa kumcheka, kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu sote: mgonjwa hutoa ulimi uangaliwe, na mkubwa wake hutoa maelezo. Nilipomtazama Mcha, alikuwa akichunguza masimbi ya kahawa yaliyotuama kikombeni. Hata Bombei alifuatana na dada yake, amsemee.

— Na huko Ujerumani, akauliza Usi, nani atakusemea?

Borafya alifungua kinywa, akakifunga. Mwuza kahawa alisimama na dele lake, tayari kumimina, wala hakuna aliyemnyooshea kikombe.

Msabah akaondoka bila kuaga, akavuka njia, akagonga mlango wa kwao. Tuliwasikia vizuri, maana njia yenyewe ni nyembamba.

— Mama, mie huumwa nini hasa?

— Nani anauliza?

— Mimi.

Bi Mize akaja mlangoni. Kisha komeo likatoka.

— Ingia nikufunze. Halafu mie ntakuwa daktari, na weye ndiye utakayesema.