Miaka Thelathini na Minane ya Attracta Hession, na Ukurasa wa 212

Tak. Ndivyo redio ya jikoni kwa Bi Attracta Hession ilivyolia alipoizima kila asubuhi baada ya matangazo ya vifo, na mlio huo haujanitoka masikioni. Ulimaanisha kazi imeanza. Alianza siku zake hivyo kwa miaka thelathini na minane, tangu riwaya yake ya kwanza ilipotoka katika nyumba yetu ya uchapishaji hapa Galway. Anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Mumewe, Mzee Malachy, ananiambia siku hizi redio haizimwi. Inaongea mpaka jioni.

Bi Attracta alizaliwa Ballyfarna, kaunti ya Mayo, akakaa miaka kumi na mmoja kwenye dirisha la posta akiuza stempu na kusikiliza watu. Kitabu chake cha kwanza alikiandika kwa penseli nyuma ya fomu zilizoharibika. Vikafuata vingine kumi na vinane. Vimesomwa kwenye vitanda vya hospitali na kwenye foleni za benki. Msomaji mmoja wa Leitrim alituletea kimoja kimevimba kama mkate, akaomba kingine, kwa sababu kilimponyoka bafuni kwenye ukurasa mtamu. Mhakiki mmoja wa Dublin aliandika kwamba huyu ni mwandishi wa akina mama wa jikoni. Bi Attracta alilikata gazeti hilo akafungia samaki.

Kitabu cha pili kina mama mkwe mkorofi. Wanawake watano wa Ballyfarna walimjia nyumbani, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja amefura.

"Yule mwanamke ni mimi, Attracta! Usinifiche!"

"Wewe? Yule nilimpunguza makali, mpenzi wangu. Ningekuweka wewe, nani angeamini? Kaa, chai iko tayari."

Wote watano walikunywa chai. Wote watano walinunua kitabu cha tatu.

Wageni katika kampuni huuliza alikotoa majina ya watu wake. Aliyatoa redioni. Kwenye matangazo ya vifo alichukua jina la kwanza la marehemu mmoja na la ukoo la mwingine, akayaandika nyuma ya karatasi ya misa, ila hakuyatumia mpaka wote wawili wawe wamezikwa. Na aliwazika. Alivaa koti lake jeusi, akapanga foleni kanisani pamoja na majirani, akawapa mkono wafiwa. "Ukichukua jina la mtu," aliniambia, "angalau mshike mkono mjane wake."

Nilianza kuhariri vitabu vyake miaka saba iliyopita, nikitoka chuo kikuu na kiburi changu. Yeye ndiye aliyenihariri. Alikuwa akikata mstari wake mwenyewe, kisha anakata na ule alioandika badala yake, kisha ananitazama. Pembeni mwa sentensi moja niliyompendekezea aliandika: "Hii imevaa viatu vya kuazima." Ninayo karatasi hiyo mpaka leo. Mchana mmoja, miaka minne iliyopita, akiwa na akili zake zote, alinimiminia chai akasema:

"Sikiliza, binti. Siku nikikwama, niache nilipokwama. Usinisukume kama gari bovu."

Nilicheka. Nikamwahidi, kwa kuwa niliona ni ahadi isiyo na gharama.

Januari ya mwaka juzi alivaa koti jeusi akamwambia Mzee Malachy amwendeshe kanisani, Nora Tansey anazikwa. Nora Tansey ni mwanamke wa riwaya yake ya sita, na aliyemuua ni yeye mwenyewe, kwa homa ya mapafu, ukurasa wa 301. Mzee Malachy hakubishana. Alitoa gari. Kanisani walikuwamo wanawake wawili tu, wakipanga maua ya Jumapili. Bi Attracta aliwaendea, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Poleni sana kwa msiba."

Wakatazamana. Yule mkubwa akaupokea mkono kwa mikono yake miwili.

"Tumepoa, Attracta. Asante kwa kuja, na mvua yote hii."

"Alikuwa na miaka mingapi, maskini?"

"Ah, alikwisha kula chumvi nyingi."

Mzee Malachy alinisimulia haya akiwa amesimama, amenipa mgongo, anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

Wakati huo kitabu cha ishirini kilikuwa kimefika ukurasa wa 212. Bríd Gavaghan amesimama jikoni kwake, ameshika kitasa cha mlango, anataka kumwacha mumewe. Hapo penseli ilisimama. Mwaka huu mkurugenzi wetu, Bwana Fintan Colleran, aliniita ofisini. Wasomaji walikuwa wakipiga simu. Jalada lilikuwa tayari.

"Wewe unamjua kuliko anavyojijua sasa," aliniambia. "Zimebaki sura tatu tu. Nani atatofautisha?"

Nilimweleza ahadi yangu.

"Muireann, mwenye kudai ahadi hiyo hayupo tena."

Nikaandika. Mnapaswa kulijua hilo leo, mkiwa mnampigia makofi. Niliandika sura tatu kwa wiki tano, kwa sauti yake, na kazi haikuwa ngumu, na hilo ndilo linalonitisha. Bríd alifungua mlango, akaondoka, akapata furaha.

Mwezi wa Julai nilimpelekea azisome. Nilimwekea penseli mkononi. Nilikaa kwenye kiti cha upande wa pili nikimwomba Mungu Bi Attracta akate kitu, hata neno moja. Alisoma kurasa zote sitini na nne. Redio ilikuwa ikiongea. Hakukata chochote. Mwanamke ambaye hakuwahi kuacha sentensi yake mwenyewe ipite bila kipigo alizipanga karatasi zangu vizuri, akazigonga mezani zilingane, akatabasamu.

"Siku niliyoandika haya nilikuwa nimeamka vizuri," akasema.

"Ulikuwa umeamka vizuri," Mzee Malachy akamjibu.

Tangu siku hiyo sijui tunamuaga nani. Keki ipo, hotuba zipo, na yeye atakuwepo ukumbini kwa koti lake zuri, naye huenda akawapa pole. Akikupa mkono, upokee kwa mikono miwili.

Bi Attracta, asante kwa Nora Tansey na kwa mama mkwe wa watu wote. Asante kwa kila mstari wangu uliouua. Tunakuombea asubuhi zisizokutisha, na Malachy karibu.

Jarida hili la kampuni nalitayarisha mimi, kwa hiyo Bwana Colleran atayasoma haya pamoja nanyi. Jumatatu nilizitoa sura tatu kwenye mswada, nikaupeleka mwenyewe kiwanda cha uchapaji. Jana mitambo iliwashwa. Kitabu kinaishia ukurasa wa 212, Bríd ameshika kitasa, na hakuna aliyemsukuma. Karatasi zangu nilizichukua mpaka Ballyfarna. Mzee Malachy alinifungulia mlango wa jiko, nikazitia zote motoni.