Mwalimu Aliyeficha Mikono

Fyuu! Halafu ta! Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha mke wa marehemu kila asubuhi: fimbo ya gofu ikikata hewa nyuma ya nyumba, kisha mpira ukigonga turubai. Mpigo wa kwanza na wa mwisho ililia vilevile.

Marehemu, aliyejulikana kama Mwalimu Kigasha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, kitinda mimba wa seremala na mshonaji. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha chuo cha ufundi, akahitimu useremala mwaka 1977. Randa ndiyo iliyomjenga mikono.

Mwaka 1979 aliajiriwa na klabu ya gofu kutengeneza fimbo, na baadaye akawa mwalimu. Alifundisha kwamba msuli wa nyuma ya mkono kazi yake ni kunyoosha kiwiko, na ya kigasha, sehemu kati ya kiwiko na kiganja, ni kuituliza fimbo. Nguvu itoke kiunoni. "Mkono ufuate mwili, usiutangulie," alisema. "Leo ukikaza, kesho ukilegeza, mpira hautakuelewa." Aliyekaza kupita kiasi aliulizwa kama anapiga mpira au anaua nyoka. Mwenyewe alipenda kukunja mikono ya shati na kutunisha misuli. Mwanafunzi wake mmoja, daktari wa meno, mwembamba kama uzi, aliambiwa siku ya kwanza kuwa mikono yake inafaa kuchokolea meno. Alicheka, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Alifunga ndoa tarehe 4 Oktoba 1986 na mpiga chapa wa mahakama, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 mke wake ndiye aliyetambua kwanza. "Baba watoto, mbona leo fimbo inalia vibaya?"

"Fimbo yenyewe mbovu."

Haikuwa fimbo. Misuli ya mikono ilikuwa ikinywea, na matibabu hayakuirudisha. Alivaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto kali. Alikataa kulishwa mbele ya wanawe. Wageni waliambiwa amesafiri.

Daktari wa meno naye aliambiwa hivyo, mlangoni, huku ndani redio ikitangaza mpira na marehemu akifoka, "Refa kipofu wewe!"

"Safari gani hiyo, shemeji," aliuliza daktari, "anakosikika akimgombeza refa?"

Mke alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari aliaga kwa adabu, na adabu ile ikauma zaidi. Mke alirudi ndani akasema, "Leo umeniumbua, mume wangu. Sidanganyi tena." Marehemu aliinamisha kichwa, asiweze hata kujifunika uso.

Familia inawaomba radhi nyote mliorudishwa mlangoni.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 2023, usingizini. Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watatu, dada mmoja, na wanafunzi wengi. Mwenyezi Mungu amtulize alikokwenda.

Jumamosi ya mwisho ya uhai wake aliruhusu wanafunzi waingie. Alikaa na shati la mikono mifupi, mikono imelala juu ya mto kama si yake. Hakuna aliyejua atazame wapi. Inzi akatua puani pake. Akakunja uso, inzi hakuondoka. Mke akainuka, lakini marehemu alimtikisia kichwa. Kisha akamgeukia daktari wa meno na kusema, kwa sauti ndogo sana:

"Rafiki yangu, hebu nikune pua."