Jinsi ya Kuwapita Mabeki wa Ghalani

Kijiwe chenyewe ni benchi la chuma mbele ya karakana ya kuchomelea, limeungwa kwa vipande vilivyobaki kwenye mageti ya watu, na mwenye karakana ndiye Kocha. Mchana anachomelea milango, jioni anafundisha timu ya mtaa, na jua likishapoa anazima mashine na kukaa mwisho wa benchi, palepale kila siku, miwani yake nyeusi ya kazi ameisukuma juu ya paji la uso. Jumatano hiyo alikaa kama kawaida, ila raha hakuwa nayo hata chembe. Jumapili timu yake ilifungwa moja bila, nusu fainali, na timu ya wapakiaji wa ghalani, watu wanaoshinda na magunia mgongoni, na mabeki wao hawakabi, wanagonga. Winga wake, yule fundi cherehani mwembamba waliyembandika jina la Sindano, alitolewa kwa machela dakika ya sitini, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Tangu siku hiyo benchi zima lilikuwa likiwajadili mabeki, na mguu haukutajwa na mtu.

— Tatizo letu tuliwaheshimu mno wale jamaa, alisema Redio, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumzima.

— Mliwaheshimu wapi? Mliwakimbia! alidakia Bucha. Huyu anauza nyama, na ujanani alikuwa beki, kwa hiyo hujiona msemaji wa mabeki wote wa dunia hii. — Beki akiona unamkimbia anapata nguvu za watu wawili.

— Ulitaka wasimame wapigwe?

— Wasimame wapige wao kwanza. Kiwiko kidogo tu cha mbavu, refa akiwa anatazama kule.

— Refa yupi? Yule aliyekuja na filimbi akarudi nayo nzima?

Wakacheka. Kocha naye akachekacheka, maana usipocheka utaulizwa una nini.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Waziri. Wizara hana, kazi hana, lakini hakuna jambo asilolipangia kamati. — Haya mambo yanataka ramani. Mzee, hebu vikombe hivyo.

— Hivyo ni vya kunywea kahawa, si wachezaji, alinung'unika mzee wa kahawa, mkono bado uko kwenye birika.

— Dakika mbili tu, mzee wangu.

Waziri akavifudikiza vikombe vinne katikati ya benchi: hao ndio mabeki wa ghalani. Pembeni kulia akaweka kimoja kidogo, kilichomeguka mdomo.

— Na huyu hapa winga.

Hakusema Sindano. Wote walikitazama kile kikombe, kisha kila mtu akapata kitu kingine cha kutazama.

— Wale dawa yao ni kuwachosha, aliendelea Waziri kwa haraka. — Tukikutana nao tena, mechi ipangwe siku ambayo malori yamejaa pomoni. Wakija uwanjani, migongo imekwisha.

— Na ratiba atakupangia nani, mjomba wako? Redio alikuwa amesimama sasa. — Mimi nasema mafuta! Jezi tunazipaka mafuta ya kujipaka, mgongo mzima. Beki akishika, mkono unateleza, wewe huyo umeondoka.

— Mkifunga goli mkikumbatiana na kipa, mikono yake ikishaingia mafuta itadaka nini tena? aliuliza Bucha.

— Basi tusishangilie.

— Goli la nusu fainali usishangilie! Una wazimu wewe. Sikieni. Asubuhi ya mechi tunawapelekea kilo kumi za nyama, zawadi ya kiungwana. Wale ni watu wa kula. Kufika saa kumi jioni beki anasinzia huku amesimama.

— Nyama anatoa nani?

Bucha akakohoa, akaomba aongezewe kahawa.

— Nimepata! Waziri alipiga benchi, mabeki wawili wakaanguka. — Tuwaalike mama wakwe zao. Viti vya mbele kabisa. Nani atamkanyaga mwenzake mama mkwe anamtazama?

— Wangu mimi angenishangilia, alisema Bucha.

Hapo mpaka mzee wa kahawa alicheka. Kocha peke yake ndiye aliyebaki na macho kwenye kikombe kilichomeguka.

— Kocha, mbona leo umekuwa bubu? aliuliza Redio. — Timu yako hii. Sema basi, wale watu wanapitwaje?

Wanapitwaje. Kocha alikuwa anajua wanapitwaje, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla moyo siku tatu hizi. Aliambiwa wakati wa mapumziko. Sindano alimvuta kando nyuma ya goli, akashusha soksi, muundi umevimba. Alizungumza polepole, na adabu zake zote: “Kocha, tusikae na mpira. Mguso mmoja, unaachia, unahama. Hawa wanatafuta mwili wa kugonga, tusiwape. Halafu mimi naomba unitoe. Huu mguu si mguu tena.” Naye Kocha, mtu mzima, baba wa watoto wanne, kwa sababu ya fainali ambayo mtaa ulikuwa haujaiona miaka minane, alimjibu nini? Alimjibu: “Sindano, unaogopa?” Yule mtu akapandisha soksi yake akarudi uwanjani.

— Mguso mmoja, alisema Kocha. Akasogea, akaanza kuvisogeza vikombe. — Unapokea, unaachia kabla hajakufikia. Akija kwako, mpira umeshakuwa kwa mwenzako, na wewe umeshahama. Wanatafuta mwili. Usiwape mwili. Watu wazito wakigeuzwageuzwa nusu saa, mlango unafunguka wenyewe.

Benchi lote likapiga kelele.

— Eeeh! Hiyo ndiyo akili!

— Kichwa hicho, jamani, si cha kuchomelea mageti!

— Kocha bwana, alisema Waziri, akimshika bega, — mambo haya ungeyasema wakati wa mapumziko, saa hizi tungekuwa fainali.

Sifa zile zilimwingia Kocha vibaya. Alitaka kusema si zangu, badala yake akanywa kahawa iliyokwisha poa.

Katikati ya kelele hizo alikuwa amefika mwanamke mmoja, mfuko wa nailoni mkononi, amesimama nyuma ya Redio akisubiri zishuke.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, dada. Karibu kahawa.

— Ahsanteni, sikai. Mimi ni dada yake Sindano.

Redio akakaa chini. Bucha akavua kofia.

— Pole sana dada yetu, alianza Waziri. — Tulikuwa tunapanga kuja. Yaani hivi hivi tulikuwa tunapanga.

— Nimewasikia mkipanga, alisema dada, wala hakusema kwa ubaya. — Kocha ni yupi? Alitazama mmoja mmoja, akafika mwisho wa benchi. — Ahaa, ni wewe. Machungwa tuliyapata. Mlinzi wa hospitali alisema yameletwa na mtu mwenye miwani kichwani, akayaacha getini akaondoka.

Kocha alijishika paji la uso. Wenzake wakamgeukia, maana hata wao hakuwaambia.

Dada akatoa jezi kwenye mfuko. Namba saba, imefuliwa na kupigwa pasi.

— Amenituma niilete. Anasema Jumapili mnatafuta mshindi wa tatu, jezi zisije zikapungua. Ilichanwa begani pale walipomvuta. Ameishona mwenyewe kitandani, kwa mkono. Si mnajua cherehani chake ni cha kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ndio huo.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Akaiweka kwenye benchi, kando ya vikombe.

— Nina swali moja, halafu niende. Yeye ananiambia kabla hajavunjika alinyoosha mkono atolewe. Akaunyoosha juu muda mrefu. Anasema kelele zilikuwa nyingi, hakuna aliyemwona, kwa hiyo nisimlaumu mtu. Nyinyi wote mlikuwa pembeni pale. Kweli hata mmoja hakumwona?

Redio, kwa mara ya kwanza, alipunguza sauti.

— Mimi nilidhani anaomba pasi.

— Mimi nilimpigia kelele akaze moyo, alisema Bucha, akiikunja kofia yake.

Waziri alikuwa anawasimamisha mabeki walioanguka, mmoja mmoja. Mzee wa kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mtu, halikutoa hata tone, naye hakulirudisha chini.

Kocha angeweza kunyamaza. Uongo ulikuwa umeshasemwa kwa ajili yake, na aliyeusema ni yule mwenye mguu uliovunjika. Alivua miwani kichwani akaishika magotini.

— Mimi nilimwona, dada. Alinitazama mimi, na mkono ule alininyooshea mimi. Nikatazama saa. Na wakati wa mapumziko pia aliniomba, nikamwuliza kama anaogopa. Hata hii ya mguso mmoja wanayonisifia, ni yake. Alinipa, sikuitaka.

Dada alimtazama. Uso wake haukubadilika, midomo tu ndiyo iliyokazana.

— Yeye anakuombea dua kila usiku ili usijilaumu, alisema. — Sasa mimi nikirudi kwake nimwambie nini?

Benchi lile lina majibu ya kila kitu, ya refa, ya mvua, ya ndoa za watu. Dada alisubiri kidogo, akaukunja mfuko wake mtupu, akaondoka.

Kocha aliichukua jezi, akapitisha kidole begani akipatafuta palipochanika, asipaone, jinsi palivyoshonwa. Ndipo akasimama. Dada alikuwa ameshafika kwenye kona, na barabarani magari yalikuwa mengi, sauti isingemfikia. Kocha alinyoosha mkono juu, akaushikilia hapo muda mrefu.

Dada hakugeuka.