Nyembe Alizoacha Maman Adélaïde

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Maman Adélaïde, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa soko la Kadutu, aliyetutoka Jumatatu akiwa na miaka arobaini na sita. Ndugu walitaka tutangaze "ugonjwa mfupi". Mwenyewe alikuwa ameshakataza. Aliishi na hepatitisi B miaka kumi na tisa, na ndiyo iliyommaliza ini. Narudia, maana alitaka irudiwe: hepatitisi B.

Aliijua alipokwenda kumtolea dada yake damu. Muuguzi aliikataa, akamweleza sababu. Zilibaki wiki tatu afunge ndoa na Fabien, na mahari ilishapokelewa. Angenyamaza, nani angejua? Yeye aliteremka moja kwa moja hadi Nyalukemba kwa mchumba wake, akasema yote kabla hajakaribishwa kiti.

Papa Fabien anakumbuka: "Aliniambia, 'Kama unanitaka, utapigwa kwanza sindano tatu, miezi sita. Kama hautaki, ngombe zenu ziko palepale.' Mi nilicheka, sababu niliogopa."

Harusi ikasogezwa. Sindano tatu za chanjo, miezi sita, kisha kipimo cha kuhakikisha kinga imeingia. Watu walisema mengi. Adélaïde aliwaacha waseme.

Ukweni walimtengea sahani na kikombe. Wasikilizaji wapendwa, hepatitisi B haiambukizwi kwa sahani. Inapita kwa damu na kwa tendo la ndoa. Alieleza mpaka akachoka, akala kwenye sahani hiyo huku amenuna.

Kisha baba mkwe akafariki. Siku ya kunyoa matanga ukoo wote ulikaa uani, na wembe mmoja ukaanza kupita kichwa hadi kichwa, kama walivyozoea. Ukamfikia Adélaïde. Nyuma yake walikuwa wanasubiri watu kumi na mmoja.

Wifi yake, Joviale, anasimulia: "Alisimama akatuuliza, 'Sahani yangu munaiogopaka, na wembe munanipatia? Damu iko ku wembe, haiko ku sahani.' Tulikasirika sana. Akafungua sakoshi yake, akatoa nyembe mpya, ya kila mutu. Maman mukwe ndiye alinyoosha mukono wa kwanza."

Jioni ile sahani yake ilirudi kabatini pamoja na zingine. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakungoja.

Papa Fabien, Joviale, na ukoo wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, umepima? Mwenzako anajua? Usimfiche kwa kuona haya, kisha ukamwambukiza.

Jana Papa Fabien alipimwa tena. Miaka kumi na minane ya ndoa, na virusi hana. Alitutuma tuseme hivyo hewani, kwa sauti.

Matanga yatanyolewa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nyembe ziko tayari mezani. Maman Adélaïde alizinunua mwenyewe mwezi uliopita, akihesabu vichwa vya nyumba hiyo. Ziko ishirini na mbili. Kichwa chake hakukihesabu.